Maabara Isiyo na Mlango

Chukua kalamu nyekundu uandike neno KIJANI. Chukua ya kijani uandike BULUU, kisha ya buluu uandike NYEKUNDU, uendelee kuchanganya hivyo mpaka ukurasa ujae. Mpe mwenzako karatasi hiyo umwambie asisome maneno; ataje tu rangi ya wino, mstari baada ya mstari, haraka kadiri awezavyo. Hatafika mbali kabla hajakwama. Ulimi utateleza, ataguna, atarudi nyuma kujisahihisha. Ukimpa ukurasa mwingine wenye miraba mitupu ya rangi hizohizo, bila maandishi yoyote, atateremka nao bila shida.

John Ridley Stroop alilipima jambo hili mjini Nashville, jimbo la Tennessee, alipokuwa akisomea udaktari katika chuo cha ualimu cha George Peabody. Makala yake ilitoka mwaka 1935. Wanafunzi 100 walipewa kadi, kila kadi ikiwa na rangi 100 za kutaja. Miraba mitupu waliimaliza kwa wastani wa sekunde 63.3. Maneno yaliyopingana na wino wake yaliwachukua sekunde 110.3. Sekunde 47 zilizozidi ni gharama ya mazoea, kwa maana mtu aliyekwisha kuzoea kusoma hawezi kuliamuru jicho lake lisisome. Stroop hakuwa na mtambo wa ajabu. Alikuwa na kadi zake, saa ya kubonyeza, na mtu aliyeketi mbele yake. Baadaye aliutumia umri wake kufundisha Biblia, na saikolojia akaiachia wengine, lakini kadi zile hazikumfuata huko. Zimeendelea kurudiwa hadi leo.

Nimeanza nazo kwa sababu zinaonyesha waziwazi kazi ya fani hii. Saikolojia ya utambuzi ni elimu ya jinsi akili inavyoona, inavyokumbuka, inavyochagua na inavyokosea. Hakuna awezaye kufunua fuvu la mtu akaona wazo likipita. Kinachowezekana ni kumpa mtu kazi mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa jambo moja, kisha kuhesabu ni ipi iliyomchukua muda zaidi. Kwa hiyo habari ninayotaka kuisimulia, ya majaribio ya mtandaoni, ambayo wengi huidhania kuwa habari ya kompyuta, kwanza ni habari ya saa. Kisha ni habari ya watu: ni nani hasa aliyeketi upande wa pili akipimwa?

Ugomvi juu ya saa ulianza kwa wafalaki. Mwanzoni mwa mwaka 1796, huko Greenwich, Nevil Maskelyne, mfalaki mkuu wa mfalme wa Uingereza, alimwachisha kazi msaidizi wake David Kinnebrook. Kosa la kijana huyo lilikuwa kwamba nyota ilipovuka uzi wa darubini, yeye aliandika muda uliochelewa kwa sehemu nane za kumi za sekunde kuliko muda wa mkubwa wake. Kazi yenyewe ilitaka jicho liwe kwenye nyota, sikio liwe kwenye mlio wa saa, na kichwa kikadirie nyota ilikuwa imefika wapi kati ya mlio mmoja na mwingine. Kinnebrook alionywa, na tofauti ikazidi badala ya kupungua. Miaka zaidi ya ishirini ilipita ndipo Friedrich Bessel wa Königsberg alipoisoma habari hiyo na kujilinganisha na wafalaki wenzake. Alikuta kwamba hata mabingwa hutofautiana, na kwa kiasi kikubwa. Kinnebrook hakuwa mzembe. Alikuwa na muda wake, kama kila binadamu alivyo na wake.

Aliyeugeuza udhaifu huo kuwa chombo cha utafiti alikuwa daktari wa macho wa Utrecht, Uholanzi, Franciscus Donders. Mwaka 1868 alichapisha majaribio ambayo mtu aliguswa kwa umeme hafifu mguuni, naye akajibu kwa mkono. Akijulishwa mapema ni mguu gani utakaoguswa, alijibu upesi. Asipojulishwa, akalazimika kwanza kutambua ni wa kulia au wa kushoto, alichelewa kwa takriban sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde. Donders alitoa muda wa kwanza katika muda wa pili, akasema kilichobaki ni muda wa kuamua. Kwa hesabu ya kutoa, ile ya darasa la kwanza, uamuzi wa binadamu ulipata urefu wake kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1879 Wilhelm Wundt alianzisha maabara yake Leipzig, ambayo vitabu vingi huihesabu kuwa ya kwanza ya saikolojia duniani. Humo kulikuwa na saa ya umeme aliyoibuni Matthäus Hipp, iliyosoma hadi sehemu ya elfu moja ya sekunde, yaani milisekunde. Saa hiyo ilihitaji kusahihishwa mara kwa mara kama mizani ya sonara. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba waliopimwa Leipzig walikuwa walewale waliopima. Leo James McKeen Cattell yuko kwenye kiti na mwenzake yuko kwenye saa, kesho wanabadilishana. Walikuwa watu wachache waliofunzwa, na walijuana wote.

Fani ilipovuka bahari kwenda Marekani na vyuo vikapanuka, kiti kile kilikaliwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili. Alikuwa karibu, hakuhitaji nauli, na katika vyuo vingi aliongezewa alama kwa kushiriki. Mwaka 1946 Quinn McNemar aliwalaumu wenzake kwamba elimu waliyokuwa wakiiita ya tabia ya binadamu ilikuwa kwa sehemu kubwa elimu ya tabia ya wanafunzi wao. Lawama ilinukuliwa sana, na kazi ikaendelea vilevile.

Wapo waliojaribu kutoka nje. Mwaka 1966 Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits walitoa kitabu kilichokusanya majibu ya watu wa jamii nyingi, wakiwemo Waankole na Watoro wa Uganda na Wasonge wa Kongo. Walionyeshwa michoro, mmojawapo ukiwa na mistari miwili yenye urefu sawa: mmoja ncha zake zimefungwa kwa vichwa vya mshale, mwingine ncha zimepanuka kwa nje. Macho mengi huuona wa pili kuwa mrefu. Waliodanganyika zaidi walikuwa wakazi wa Evanston, kitongoji kilicho jirani na Chicago. Jambo lililochukuliwa kuwa umbile la jicho la binadamu lilionekana kutegemea mahali jicho lilikokulia. Lakini kulipata jibu hilo kuliwataka watafiti wabebe vijitabu vya michoro nchi kwa nchi, kwa miaka. Si kila mtu angeweza.

Kompyuta ndogo ziliingia maabara katika miaka ya 1980, nami nazipita upesi, kwa sababu zilibadilisha saa bila kubadilisha kiti. Mwanafunzi alikuwa yuleyule. Sasa alibonyeza kibodi.

Mlango ulifunguka mwaka 1995. Katika Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, Ulf-Dietrich Reips alianzisha maabara iliyokuwa kwenye wavuti tu. Haikuwa na kiti, ufunguo, wala ratiba ya miadi. Mtu mwenye kompyuta na laini ya simu, popote alipo, aliingia saa yoyote, akasoma maelezo, akajibu, akaondoka. Huko Indiana, Marekani, John Krantz wa Hanover College aliweka orodha ya majaribio ya saikolojia yaliyokuwa hewani ili mgeni achague atakalo, na mwaka 1997 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha majibu ya chumbani na ya wavuti. Yalikaribiana sana.

Reips aliona jambo moja ambalo mimi nalithamini kuliko mengine yote aliyoyafanya. Chumbani, mshiriki aliyechoka huona haya kuinuka. Mtafiti yuko pale, mlango umefungwa, na adabu inamzuia. Mtandaoni anafunga ukurasa na kwenda zake. Wengi waliona huo ni msiba wa takwimu. Reips alisema ni uhuru, na kwamba ushiriki wa hiari wa kweli ndio huo. Kisha akatafuta njia ya kuishi na uhuru huo: weka mambo ya kuchosha mwanzoni kabisa, maelezo marefu na maswali ya binafsi, ili atakayeondoka aondoke kabla jaribio halijaanza. Anayebaki, amebaki kwa moyo wake.

Majaribio ya mwanzo yalikwepa kupima muda, na yalikuwa na sababu. Kurasa za wakati ule ziliombwa moja moja. Mshiriki alibonyeza, ombi likasafiri hadi kwenye seva, seva ikajibu kwa ukurasa mpya. Ukipima muda kwa njia hiyo unapima na foleni ya njiani. Mambo yalibadilika kivinjari kilipoweza kuendesha programu chenyewe. Tangu hapo jaribio lote, na maneno na picha zake, hupakuliwa mara moja hadi kwenye kompyuta ya mshiriki. Saa inayotumika ni ya kompyuta hiyohiyo. Mtandao ukilegea katikati, vipimo havijui. Majibu yatatumwa mwishoni. Jambo hili linafaa lijulikane na kila mwalimu wa kwetu anayesita kwa kuwa mtandao wa chuoni hauaminiki.

Hata hivyo saa ya nyumbani si saa ya Hipp. Kioo cha kawaida huchora picha mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo neno linaweza kuchelewa kuonekana kwa karibu milisekunde 17. Kibodi nayo ina uvivu wake, na kivinjari kina shughuli nyingine. Mwaka 1998 au 2000 mwanasaikolojia aliyefunzwa kuhesabu milisekunde moja moja angewezaje kuamini mashine ambayo hajawahi kuiona?

Jibu linaeleweka vizuri zaidi dukani. Tuseme mizani ya muuza sukari ina kasoro, kila mfuko inaupima kuwa umezidi gramu 50. Ukitaka kujua mfuko mmoja una uzito gani, utapunjwa. Ukitaka kujua mfuko huu umeuzidi ule kwa kiasi gani, hutapunjwa hata gramu moja, maana kasoro iko pande zote mbili na inafutika katika kutoa. Donders alikuwa akitoa. Stroop alikuwa akitoa. Karibu fani nzima inatoa. Kibodi inayochelewa huchelewa kwa maneno yanayopatana na wino na kwa yale yanayopingana nao.

Ipo na kasoro isiyo ya kudumu, ile ya mizani inayocheza. Hapa binadamu mwenyewe ndiye anayetuokoa, kwa sababu yeye anacheza zaidi. Majibu ya mtu mmoja katika kazi ileile hupanda na kushuka kwa milisekunde 100 na zaidi bila shida. Ukiongeza mchezo wa mashine wa milisekunde 20 juu ya huo wa 100, jumla yake kwa hesabu za takwimu ni kama 102. Haionekani. Mwaka 2000 Kenneth McGraw na wenzake wa Chuo Kikuu cha Mississippi walitangaza matokeo ya tovuti yao, iliyojengwa kwa ajili ya kufundishia na kufanyia utafiti, ambamo watu waliingia kwa kompyuta za kila namna. Matokeo yaliyozoeleka vitabuni yalijitokeza. Miaka mingi baadaye Joshua de Leeuw na Benjamin Motz waliwafanyisha watu walewale kazi ya kutafuta herufi kwa njia mbili, programu ya maabara na kivinjari. Kivinjari kiliongeza takriban milisekunde 25 kwenye kila jibu. Tofauti kati ya kazi ngumu na nyepesi ilibaki palepale.

Kinga hiyo, lakini, inamlinda mtu anayelinganishwa na nafsi yake tu. Ukitaka kulinganisha wazee na vijana, na wazee wakawa wanatumia kompyuta kuukuu, huwezi tena kujua ni akili iliyochelewa au ni kibodi. Mtafiti anayesahau hili atawatukana wazee bure.

Kazi ya McGraw inastahili heshima kwa sababu ya upande wake wa ualimu. Mwanafunzi wa chuo kidogo kisicho na maabara alifanya jaribio mwenyewe, akaona namba zake, kisha akaziona za darasa zima. Chuo Kikuu cha Purdue nacho kilikuwa na mkusanyiko wa aina hiyo, CogLab, ambao madarasa mengi yaliutumia. Mtu anayesoma habari za Stroop kitabuni huzikubali kwa kuwa ni za mtihani. Akishajikwaa yeye mwenyewe, akaona neno likimnyang'anya ulimi, hahitaji kukariri.

Watu waliingia kwa wingi ambao Wundt asingeuota. Septemba 1998 Brian Nosek, Mahzarin Banaji na Anthony Greenwald walifungua tovuti ya kupima mielekeo isiyosemwa, kama upendeleo wa rangi ya mwili au jinsia, kwa kasi ya kubonyeza vitufe. Hadi Aprili 2000 majaribio 600,000 yalikuwa yamekamilishwa. Mwaka 2018 Joshua Hartshorne na wenzake walichapisha utafiti wa kujifunza sarufi ya Kiingereza uliotumia majibu ya watu 669,498. Jaribio lao lilikuwa na umbo la chemshabongo fupi, likakadiria lugha ya mtu, na watu wakasambaziana kwa hiari. Hakuna aliyelipwa.

Lakini si kila utafiti unaweza kuwa chemshabongo tamu, na hapo ndipo fedha ilipoingia. Novemba 2005 kampuni ya Amazon ilianzisha soko la vibarua vidogo vya mtandaoni, ikaliita Mechanical Turk, jina la mtambo wa kucheza sataranji wa karne ya 18 ambao kwa siri ulikuwa na mtu ndani yake. Soko halikuundwa kwa ajili ya saikolojia. Kufikia mwaka 2010 wanasaikolojia walikuwa wamelivumbua, na mwaka 2013 Matthew Crump, John McDonnell na Todd Gureckis walirudia humo majaribio kadhaa ya kale, la Stroop likiwemo. Mengi yalifaulu. Yaliyoleta matatizo ni yale yanayotaka picha ionekane kwa muda mfupi mno, pale ambapo kioo cha nyumbani hakina msaada. Kazi iliyokuwa ikichukua muhula mzima wa kubembeleza wanafunzi sasa iliisha kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana.

Upesi huo uliwalevya wengi. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alikuwa ameonyesha kwamba asilimia 96 ya washiriki katika majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani walitoka nchi za viwanda za Magharibi, zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan waliongeza kwamba watu hao, mara nyingi, ndio walio tofauti zaidi na binadamu wengine. Mtandao ulionekana kuwa dawa ya ugonjwa huo. Haukuwa. Mwaka 2015 Neil Stewart na wenzake walikadiria kwamba maabara ya kawaida inayotumia soko lile kwa kweli inachota kutoka kwenye kundi la watu wapatao 7,300. Watu walewale, utafiti baada ya utafiti. Walikuwa wamefanya jaribio la Stroop mara nyingi, na mitego ya watafiti waliijua kuliko watafiti. Malipo yao yalikuwa duni: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kipato cha kati cha dola mbili hivi kwa saa. Naona aibu kwa niaba ya fani hii kwamba ilichukua muda mrefu hivyo kuuliza swali la ujira. Tulikagua saa zao kwa milisekunde, na mifuko yao hatukuiangalia.

Mwaka huohuo wa 2018 watafiti walianza kupokea majibu ya ovyo. Kwenye nafasi ya maelezo paliandikwa neno moja la Kiingereza lenye maana ya "vizuri", tena na tena, kutoka anwani zilizorundikana mahali pamoja. Waliogopa ni roboti. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikuwa binadamu waliojificha nyuma ya seva za Marekani, kwa kuwa tafiti zilikuwa zimetengewa wakazi wa huko tu. Udanganyifu ni udanganyifu, na uliharibu data za watu. Lakini inafaa kukumbuka nani alikuwa ameufunga mlango uliokuwa ukirukwa.

Soko jingine, Prolific, lililoanzia Oxford mwaka 2014, liliwekwa kwa ajili ya watafiti na likaweka kiwango cha chini cha malipo. Nalo likapata mtihani wake: Julai 2021 video moja ya TikTok iliyolisifia iliangaliwa na mamilioni, na kwa wiki kadhaa tafiti nyingi zikajaa wanawake vijana wa Marekani peke yao. Kwa miaka mingi Prolific iliwapokea washiriki wa nchi tajiri karibu peke yake, pamoja na Afrika Kusini. Mkazi wa Mombasa au Morogoro aliyetaka kujisajili alijibiwa kwamba nchi yake haimo.

Kisha ikaja Machi 2020. Maabara zilifungwa kwa sababu ya korona, na waliokuwa wakiyadharau majaribio ya mtandaoni wakajifunza kuyaandika kwa mwezi mmoja. Vifaa vilikuwa tayari: jsPsych ya de Leeuw, PsychoPy ya Jonathan Peirce wa Nottingham, PsyToolkit ya Gijsbert Stoet, vyote vya bure. Wahadhiri walituma kiungo badala ya kuwaita wanafunzi chumbani. Shaka ya saa ilizimika karibu kabisa mwaka huo. Shaka ya mtu imeongezeka, hasa sasa ambapo mashine inaweza kuandika majibu yenye sura ya binadamu: mwaka 2023 kundi moja la watafiti lilikadiria kwamba kati ya theluthi na karibu nusu ya vibarua wa kazi fulani ya kufupisha maandishi walikuwa wamesaidiwa na programu za namna hiyo.

Upande wetu wa bahari yapo yaliyofanyika. Kituo cha Busara, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 2012, kiliwaalika wakazi wa Kibera na mitaa mingine kwa ujumbe wa simu, kikawapa vioo vya kugusa ili asiyezoea kibodi asiachwe nyuma, kikawaeleza kwa Kiswahili na kuwalipa kwa M-Pesa. Washiriki wao hawakuwa wanafunzi wa saikolojia. Wale waliofanya kazi hiyo walijua kwamba kumfikia mtu kunaanza na lugha yake na simu yake.

Ndiyo maana ningependa kuona kadi za Stroop za Kiswahili kwenye simu za wanafunzi wetu, zimeandikwa na walimu wetu. Si kazi ya kutafsiri. Kwanza kuna suala la umbo, kwani Kiswahili hakina neno moja kwa rangi ya damu: kitambaa chekundu, ua jekundu, mti mwekundu. Kwenye kioo utaandika lipi? Nyekundu ndilo jibu la busara, kwa kuwa linakubaliana na neno rangi lenyewe. Halafu, majina yetu kadhaa ya rangi bado yananukia vitu vyake. Kijani kina jani ndani yake, kahawia ina kahawa, zambarau ni tunda, na manjano ni kiungo cha jikoni kabla hayajawa rangi. Je, neno lenye kitu ndani yake linaufunga ulimi kwa nguvu sawa na neno ambalo ni rangi tu? Hilo ni swali halisi la utafiti, na halimhitaji mtu mwenye maabara. Linamhitaji mwalimu mwenye wanafunzi arobaini, kivinjari, na mchana mmoja.

Na mwalimu huyo atakuta lugha imemsaidia mahali asipotarajia. Katika kupima usomaji, urefu wa neno ni kero ya kudumu, maana neno refu husomwa kwa muda mrefu. Wenye Kiingereza wana rangi zenye silabi moja zinazochanganyika na zenye silabi mbili. Sisi tukichagua tahajia ya buluu badala ya bluu, rangi nne tunazozihitaji ni nyekundu, kijani, buluu na manjano, na zote zina silabi tatu.